Kikwembe cha Falone na Mchezo wa Vijiti Vitatu

Kindu, tarehe 9 Machi 2002

Kwa Falone, binti yangu, Kalima

Salamu. Sisi tuko wazima. Ndugu yako Léon anakohoa, lakini anakula, basi si kitu. Mutoto wako Divine ameanza kutembea. Anashika ukuta, anaachilia, anaanguka, anacheka. Kila mwanamuke mwenye kupita na kitunga kichwani anamwita mama. Si vizuri.

Chumvi hapa imekwisha na treni haifiki, hiyo unajua, njo maana ulienda. Lakini sikia: usirudi kwa njia kubwa. Watu wa baiskeli wanasema imefungwa, wenye bunduki wako kila upande, leo hawa, kesho wale. Bakia kwa shangazi yako mupaka nikutumie neno. Chumvi tutakula siku ingine.

Kikwembe chako cha picha ya miavuli ulikisahau kwa kamba ya nguo. Nimekifua, nimekikunja. Kinakungoja.

Mama yako,
Mauwa


Kampala, 2 Machi 2025

Koko wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mjukuu wako. Mimi ni mzima. Kazi ya hospitali ndogo inaendelea, na bado nalala kwa rafiki yangu Mimi, yule niliyetoka naye Goma mwaka juzi. Anakusalimu. Anasema bado anakumbuka sombe yako, yale majani ya muhogo uliyopika ile Noeli.

Koko, kuna mtu. Anaitwa Ismaël Kazadi. Babake ni Mkasai wa shimandefere, mtu wa reli, na baba yake mdogo, Célestin, bado anakaa huko Kindu karibu na stesheni. Unaweza kumuuliza habari zao. Siku za kazi Ismaël anatengeneza friji. Jumamosi ni mwamuzi wa kriketi. Nilimjua uwanjani, siku nilipoitwa kumfunga mchezaji kidole kilichovunjika.

Wazee wake wanataka kuja kwako na mahari. Mjomba Léon ameniuliza kwenye simu: kikwembe cha mama, kile mama wa bibi harusi anachopewa kwenye mahari, atapokea nani? Anasema kwetu mwanamke mwingine hawezi kukipokea mpaka kilio cha mama kifanyike. Wewe unasemaje?

Divine


Kindu, tarehe 6 Aprili 2025

Kwa Divine, mbanda wangu,

Tuko wazima. Mvua imebomoa jikoni ya jirani yangu Mama Hawa. Sasa anapika kwangu, na anasema sombe yangu haina mawese ya kutosha. Nimemwacha aseme. Marehemu babu yako alikuita bibi yake mupaka siku ya kufa. Mimi mbanda wako, muke mwenzako, niko na furaha, mwishowe unaondoka kwa nyumba yangu. Hiyo ni mchezo. Sasa sikia ukweli.

Haya mambo ulitaka kuniambia kwa simu, na simu ikakatika. Ukarudia, ikakatika. Neno ya ndoa haisemwi ndani ya kitu chenye kukatika. Njo maana nilikuambia uandike, na mimi nakujibu kwa mukono wangu mwenyewe. Wamisioni walinifundisha miaka mitatu, halafu baba akaniondoa nikalee wadogo zangu. Lakini herufi sikuzirudisha. Barua inapita Kisangani, inapita Bunia, inafika imechoka. Hata mimi nimechoka.

Huyu muntu wako anatengeneza friji, sawa. Kila muntu anataka maji ya baridi. Lakini Jumamosi anasimama kwa jua anaangalia watu wakubwa wakicheza, na iyo mnaita kazi? Kriketi njo nini? Wakati wa askari wa kofia za buluu, kuna wengine walikuwa wanapiga kampira kadogo na mbao, kule karibu na uwanja wa ndege. Mbao kama mwiko wa bukari. Sisi tulidhani wanafukuza nyuki. Njo hiyo? Nieleze pole pole, usiruke kitu. Mchezo wa muntu unamuonyesha muntu. Babu yako alicheza karata, na huko njo nilimjua: alikuwa anaficha.

Neno ya kikwembe nimeisoma. Nimeiweka chini kwanza.

Koko yako,
Mauwa


Kampala, 4 Mei 2025

Koko wangu,

Pole kwa Mama Hawa. Hapa mvua pia ni nyingi, na rafiki yangu Mimi amehamia chumba kingine kwa sababu kitanda chake kilikuwa chini ya tundu.

Ndiyo, ni mchezo ule ule. Timu ni mbili, kila moja watu kumi na mmoja, kama mpira wa miguu. Lakini moja inapiga, na nyingine inarusha na kudaka, halafu wanabadilishana. Katikati ya uwanja kuna njia nyembamba, ndefu kama kutoka mlango wako mpaka kisimani kwa Mama Hawa. Kila mwisho wa njia wamesimika vijiti vitatu, vinamfikia mtu pajani, na juu yake vipande viwili vidogo vya mti vimelazwa tu, havikufungwa.

Wapigaji wanaingia wawili, mmoja kila upande. Mrushaji anakuja mbio kutoka ng'ambo, anapitisha mkono juu bila kuukunja, anarusha. Anataka kubomoa vijiti. Mpigaji anavikinga kwa mbao. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wanabadilishana pande mbio, na kila wakibadilishana ni pointi moja. Mpira ukivingirika hadi mpakani ni pointi nne bila kukimbia. Ukivuka mpaka ukiwa hewani ni sita. Mipira sita ikisharushwa, mtu mwingine anarusha kutoka upande wa pili.

Unatoka hivi: mpira ukibomoa vijiti vyako. Au ukiupiga, ukadakwa kabla haujagusa chini. Au ukiuzuia kwa mguu wakati ulikuwa unakwenda moja kwa moja kwenye vijiti. Au ukiwa bado unakimbia, hujafika, wakabomoa vijiti vya upande unaoelekea. Kumi wakitoka, zamu imekwisha. Ismaël anasimama pale kwenye vijiti, na akiinua kidole kimoja, umetoka, huna maneno.

Hata mimi Jumapili napiga na wanawake wa hapa. Juzi nilipata pointi kumi na nne.

Wazee wanataka kuja Desemba. Na kile kikwembe, Koko?

Divine


Kindu, tarehe 15 Juni 2025

Kwa Divine, mbanda wangu,

Tuko wazima. Léon ameanza kujenga ukuta na ameuacha katikati, kama kawaida yake. Bei ya sabuni sitasema.

Kriketi yako nimeisoma, nimemsomea na Mama Hawa wakati anapika. Vijiti vitatu tumevielewa mara moja: njo mafiga. Muntu anasimama mbele ya mafiga yake na mwiko, mwingine anatoka mbali mbio anataka kuyabomoa. Hiyo hatuna haja ya kufundishwa. Wakati wetu mwiko hatukupewa, basi.

Kuzuia na mguu, wakutoe, ni haki. Kama mwiko umekushinda, mguu ni wa nini? Lakini hii ya kudaka siikubali. Muntu amepiga vizuri, mpira umeenda juu, mvivu mmoja amesimama kule anafungua mikono tu, na aliyepiga njo anaondoka? Mama Hawa akasema: "Si ajifunze kupiga chini?" Nikamwambia: "Wewe hata mvua ilikudaka, nyamaza." Tukacheka mupaka bukari ikaungua.

Na abitri anasimama siku nzima, hapigi, harushi, hana upande. Hiyo kazi ni ngumu kuliko nilivyodhani. Muntu wa maneno mingi haiwezi.

Niko na maswali. Ya kwanza: wale wawili wa kukimbia, nani anasema twende? Maana mmoja anaona mpira, mwingine ameupa mgongo. Ya pili: kama hakuna mwenye kuona? Kuna vumbi, kuna kelele, vijiti vimeanguka, hakuna mwenye kujua kama alikuwa amefika ao hajafika. Abitri anasema nini? Hiyo ujibu vizuri, usiandike na haraka.

Kumi na nne si vibaya. Mama yako pia alikuwa na mbio.

Nimemuona Célestin kwa stesheni. Anasalimia vizuri. Wazee wakifika wanakaribishwa kunywa maji.

Koko yako,
Mauwa


Kampala, 20 Julai 2025

Koko wangu,

Samahani nimechelewa. Barua yako ilikaa Bunia, dereva alikuwa anaogopa barabara. Mimi ni mzima, nachoka kidogo tu.

Nimempa Ismaël maswali yako. La kwanza: yule anayeuona mpira ndiye anayeita. Anasema "ndiyo", au "hapana", au "ngoja", basi. Mwenzake anamsikiliza.

Swali la pili alilifikiria sana. Anasema kama mwamuzi hana hakika, mpigaji hajatoka. Na kuna jambo kubwa zaidi: hata akiwa ameona kwa macho yake mwenyewe, mwamuzi hainui kidole mpaka timu inayorusha imuulize. Wanapaza sauti, "Vipi hapo?" Ndipo anajibu. Wasipouliza, mpigaji anaendelea kusimama. Halafu, kumi wakitoka, kila mara anabaki mmoja. Hana mwenzake wa kukimbia naye, kwa hiyo hawezi kuendelea. Lakini mbele ya jina lake wanaandika: hajatoka.

Siku hizi sipigi. Nakaa kivulini naandika pointi. Jua ni kali.

Mjomba Léon ameniambia kilio cha mama ni Agosti. Mimi sikumjua, Koko. Wewe ndiye unayemjua. Lakini Desemba haiko mbali, na zaidi ya Desemba siwezi kungoja.

Divine


Kindu, tarehe 24 Agosti 2025

Kwa Divine,

Tuko wazima, wote wenye kula kwangu.

Léon alileta kilio. Alikileta kweli, kama muntu mwenye kuleta mbuzi: turubai la kazini kwake, viti vya parokia, wanawake wa kulia, na Zéphirin katekista. Mimi natoka soko na kitunga changu, nakuta kilio ndani ya kiwanja changu, na mufiwa ni mimi.

Nikauliza: "Nani amekufa?"

Léon akasema: "Mama, haya mambo tulishasema."

"Wewe ulisema. Mimi nilikuwa namenya muhogo."

"Mama, miaka yote hii. Mutoto wake anataka kuolewa, kikwembe hakina mwenye kukipokea."

"Nani alimuona Falone?"

Mwanamuke mmoja alikuwa ameshaanza kulia, akakatisha, akabaki mudomo wazi.

Nikamgeukia katekista. "Zéphirin, wewe njo abitri hapa?"

"Mimi ni katekista, mama."

"Abitri hainui kidole mupaka aulizwe. Wewe nani alikuuliza?"

Akamwonyesha Léon.

"Na Léon alikuwa uwanjani? Ile siku alikuwa ndani ya hii nyumba, anakohoa, anakunywa uji wangu. Mwenye kuuliza lazima awe alikuwa mchezoni. Mulete muntu aliyekuwa kwa ile njia, aseme 'vipi hapo' mbele yangu. Nitamjibu."

Zéphirin akasema: "Mama Mauwa, sielewi hata neno moja."

Mama Hawa akaita toka kwa moto: "Ni kriketi, baba! Kwani seminari hawakukusomesha?"

Chakula kilikuwa kimeshaiva, basi wakala. Wakarudisha viti. Léon hasemi na mimi tangu ile siku. Atasema njaa ikimuuma.

Sasa nakupa yote niliyo nayo, hautaniuliza tena. Ile mwaka ya vita nilimwandikia mama yako kule Kalima abakie huko. Barua ilirudi kwa mukono wa muntu wa baiskeli. Alisema Falone alikuwa ameshaondoka, na chumvi kichwani, sababu alisikia mutoto wake ameanza kutembea. Nyuma ya hapo hakuna mwenye kuona. Sina kingine.

Turudi kwako. Unakaa kivulini, unaandika pointi. Jua la Kampala halikuanza mwezi wa saba. Muntu wa mbio kama wewe hakai bure. Mimi sijauliza, na kama sijauliza hakuna kidole. Kula sombe. Acha pilipili.

Swali ingine, na ni ya mwisho. Mpigaji ameumia, hajatoka, lakini kukimbia hawezi. Mbio zake zinapotea? Jibu haraka.

Koko yako,
Mauwa


Kampala, 21 Septemba 2025

Koko wangu,

Hukuuliza, lakini nakujibu: ni mimba ya mwezi wa tano. Ismaël anajua. Mimi ni mzima, mtoto anageuka sana usiku. Pilipili nimeacha.

Kuhusu mpigaji aliyeumia. Anaweza kwenda kukaa pembeni. Hahesabiwi ametoka, na akipona anarudi. Au anabaki kupiga, na mwenzake anakimbia kwa ajili yake. Lakini mwamuzi lazima akubali. Mkimbiaji awe wa timu ile ile, na ikiwezekana awe ameshapiga zamu yake. Tena avae kama aliyeumia: akiwa na kinga za miguu, naye avae kinga, akiwa na kofia ngumu, naye avae kofia. Pointi zinaandikwa kwa jina la aliyeumia. Jina la mkimbiaji haliandikwi popote.

Ismaël aliniuliza kwa nini koko anataka kujua hiyo. Nikamwambia sijui.

Habari ya chumvi na ya mimi kutembea nilikuwa sijawahi kuisikia. Asante.

Divine


Kindu, tarehe 2 Novemba 2025

Kwa Divine, mbanda wangu,

Tuko wazima. Léon njaa ilimuuma, akarudi. Hakusema pole, alichukua misumari akasimamisha jikoni ya Mama Hawa, na ule ukuta wake pia ameumaliza. Mama Hawa amerudi kwake, lakini bado anakuja kuonja sufuria zangu. Mawese nimeongeza.

Mwezi wa tano, njo vile nilihesabu.

Wazee waje Desemba. Nimesema na Célestin. Mbuzi asiwe mzee, na soda zisiwe za kuhesabia watu. Kikwembe cha mama nitapokea mimi. Usianze kurukaruka, na hali yako hiyo. Sikia kwanza.

Sipokei kama muntu mwenye kufiwa. Nakimbia kwa ajili yake. Mimi ni wa timu ya Falone, na zamu yangu nilishapiga zamani, hiyo hakuna mwenye kubisha. Nimetoa kile kikwembe chake cha miavuli kwa sanduku. Panya hawakukigusa, rangi imefifia kwa mikunjo tu. Nimejifunga, nikasimama mbele ya Mama Hawa. Falone alikuwa mwembamba, lakini sasa na mimi nimekuwa mwembamba. Kinanitosha. Mama Hawa hakutania. Njo nikajua kinanitosha.

Célestin alikuja na Léon tusikilizane. Nikamwambia: "Ile siku mtaniletea kikwembe mkononi, lakini mtaita jina yake. Mtasema: Falone, hiki ni chako."

Akauliza: "Mama, na yeye tuseme yuko wapi?"

"Pembeni."

Célestin akamwangalia Léon. Léon akasema: "Baba, itika tu. Nyumba hii ina sheria zake." Ni mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake huyu mutoto anasema kitu cha maana.

Kile kipya nitakikunja pamoja na cha miavuli, ndani ya sanduku moja. Hakuna mwenye kukishona, hakuna mwenye kukivaa. Muulize Ismaël kama abitri anakubali. Kama hakubali, atafute bibi mahali pengine, na aende na vijiti vyake. Lakini naona atakubali. Muntu aliyefikiria swali langu mbele ya kulijibu, huyo nimeshamuelewa.

Jambo moja nalikataza. Léon anasema mutoto akiwa mwanamuke aitwe Falone, na najua hata wewe umeshafikiria. Hapana. Mumpe ingine, majina iko mingi. Hiyo iko na mwenyewe.

Koko yako,
Mauwa